Waendesha baiskeli wastaafu

Waendesha baiskeli wastaafu ni wanamichezo wa kulipwa walioacha mashindano, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 30 na kitu. Riziki bado lazima itafutwe. Baadhi hubaki kwenye timu, wakifuata mbio kwa gari na kuwaelekeza vijana. Eddy Merckx wa Ubelgiji alistaafu mwaka 1978, akafungua kiwanda cha baiskeli mwaka 1980. Bernard Hinault wa Ufaransa, mshindi wa Tour de France mara 5, aliacha mwaka 1986 akiwa na miaka 32 tu, akaenda kufuga ng'ombe kwao Bretagne. Hata hivyo, hadi mwaka 2016 alionekana jukwaani kila Julai akiwapokea washindi. Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyeshiriki Olimpiki za 2012 na 2016, alianzisha chuo cha baiskeli kwa vijana huko Rwamagana. Wasio na jina kubwa wala akiba huanza upya kabisa.