Sura ya Saba: Farumi, au Uzito Unaosimamisha Boti

Kibati iko kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, mahali ambapo wapandaji wa volkano ya Nyiragongo walikuwa wakianzia safari yao, na mawe meusi yamejaa kila upande. Mlima huo ulimwaga lava kwenye miteremko yake ya kusini mwaka 1977, ukarudia 2002 na tena 2021. Okota mawe mawili ya ukubwa mmoja. La kwanza ni zito, limeshikamana, na ukilipasua ndani ni jeusi tii. La pili limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa inapoa, na mkono unashangaa jinsi lilivyo jepesi. Kwa mjenzi wa ukuta tofauti hiyo huzoeleka. Kwa mwenye boti ziwani Kivu anayetaka kuongeza uzito chini ya sakafu ya chombo chake, tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote, na sura hii itafika huko.

Kwanza, kwa nini mtu aongeze uzito kwenye chombo kinachotakiwa kuelea? Mabaharia wa pwani wamelijua jibu tangu zamani. Jahazi likishusha shehena na kurudi tupu, hupakiwa mawe au mchanga chini kabisa, karibu na mkuku, ili upepo ukijaa tangani lisilale ubavu. Uzito huo ndio farumi. Hauuzwi popote wala haulipi nauli, lakini nahodha mwenye akili haondoki bila kuufikiria. Meli za chuma ziliacha mawe zikachukua maji, yanayoingizwa na kutolewa kwa pampu katika matangi ya chini. Na kwenye maziwa ya Marekani kuna boti za michezo ambazo wenyewe hujaza maji kwa makusudi, wakati mwingine zaidi ya tani moja, ili boti izame kidogo, isukume maji mengi na kuacha nyuma yake wimbi refu ambalo mtu anaweza kulipanda kwa ubao. Hizo ni farumi za starehe, lakini sheria zinazozitawala ni zilezile zinazoamua nani atafika salama bandari ya Kituku, mjini Goma.

Boti inapoinama, nguvu mbili zinashindana. Uzito wote unavuta kwenda chini kupitia sehemu moja tunayoiita kitovu cha uzito. Maji nayo yanasukuma kwenda juu, na kwa kuwa upande ulioinama umezama zaidi, msukumo wake unahamia upande huo. Kitovu cha uzito kikiwa chini, msukumo huo unairudisha boti wima. Kikiwa juu mno, nguvu zilezile zinamalizia kuipindua. Anayeshusha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibati na magunia ya makala anayajua haya kwa mabega yake: magunia yaliyolazwa juu ya ubao na kufungwa vizuri yanateremka naye, yaliyorundikwa kufikia usukani yanamtupa kwenye kona ya kwanza.

Lakini uzito wa chini ni njia moja tu ya kusimamisha chombo. Njia nyingine ni upana, na ziwa la Kivu lina mfano wake mzuri kuliko michoro ya vitabuni. Tazama wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanapotoka jioni: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawashwa, wavu unashushwa katikati. Mtumbwi mmoja peke yake ungepinduka mtu mmoja tu akisimama kuvuta. Mitatu ikifungwa pamoja inakaa kama jukwaa, bila jiwe hata moja la farumi. Sababu yake ni kwamba uwezo wa chombo kujirudisha unakua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ongeza upana mara mbili na nguvu hiyo ya maji inakuwa mara nane. Naomba msomaji aishike namba hiyo ya nane, kwa sababu baada ya kurasa chache itageuka kuwa adui.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo MV Merdi ilitoka Minova, Kivu Kusini, ikielekea Goma. Vita vilikuwa vimeifunga barabara, kwa hiyo watu na bidhaa zilizokuwa zikipita nchi kavu zilihamia majini. Ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, maji yakiwa yametulia, watu wa pwani wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja siku hiyo watu 278 ndani ya chombo kilichotengenezewa abiria kama 80, na vifo 78. Hesabu za baadaye zilitofautiana. Tuchukue namba hizo mbili za abiria na kumpa kila mmoja kilo 60. Abiria 80 ni tani 4.8. Abiria 278 ni karibu tani 17. Zile tani 12 za ziada zingekuwa chuma kilichofungwa juu ya mkuku, chombo kingezama chini zaidi lakini kingekuwa na nafasi ya kubaki wima. Zilikuwa watu. Mtu aliyesimama ana kitovu chake cha uzito karibu mita moja juu ya sakafu anayoikanyaga, na ana miguu. Bandari ikionekana, anasogea upande wa bandari.

Hilo la kusogea si jambo dogo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la Ukara, katika ziwa Viktoria, kikiwa na watu wengi kupita abiria 101 walioruhusiwa, na zaidi ya watu 220 walikufa. Huko nako ilikuwa mwisho wa safari, wakati kila mmoja anapotaka kuwa wa kwanza kushuka. Farumi isiyofungwa ni hatari, na hakuna farumi iliyo ngumu kuifunga kama binadamu aliyefika nyumbani.

Basi mtu atasema: tuweke mawe mengi chini, tatizo liishe. Wasweden walilipata jibu la wazo hilo mwaka 1628. Meli yao ya vita, Vasa, ilikuwa na mizinga mizito juu na takriban tani 120 za mawe chini. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu hadi ubavu. Walipokimbia mara tatu meli iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa, na bado iliruhusiwa kwenda. Tarehe 10 Agosti ilisafiri kilomita moja na kitu, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ya chini, ikazama mbele ya mji wa Stockholm. Mawe zaidi yasingeiokoa, kwa sababu yangeishusha na kuyaleta madirisha hayo karibu zaidi na maji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu farumi. Kila kilo unayoiweka inalipwa kwa ubavu mkavu, yaani ile sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji. Chukua boti ya mbao yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 3, umbo lake la kawaida likiwa limechongoka mbele. Eneo lake kwenye usawa wa maji ni kama mita 25 za mraba, kwa hiyo kila tani inayoingia inaishusha kwa sentimita 4. Tani tatu za farumi ni sentimita 12. Ikiwa ubavu mkavu ulikuwa sentimita 60 boti ikiwa tupu, umebaki na 48 kabla gunia la kwanza la maharage halijapakiwa. Ukiongeza farumi bila kupunguza shehena, hujaifanya boti kuwa salama. Umebadilisha tu namna itakavyozama. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya 1876, iliyopiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll, ilidai mstari uchorwe ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Mstari huo hauulizi kilichobebwa ni mawe, maji au watu. Unatazama tu kimo.

Wenye boti za mawimbi kule Marekani wanalipa somo hilo kwa namna yao. Boti zao zina mifuko mizito ya plastiki chini ya viti na katika pembe za nyuma, na kila mmoja anataka kuongeza mfuko mkubwa zaidi apate wimbi refu zaidi. Kazi inaonekana rahisi: pampu yenye nguvu, mipira mipana, mfuko wa lita 500 badala ya 300. Mtu hukumbuka kujaza, husahau kufunga. Bomba la kujazia likifunguka chini ya usawa wa maji na koki ikaachwa wazi, ziwa litaendelea kuingia lenyewe hata pampu ikizimwa. Kwa hiyo koki ya kufunga huwekwa pale pale bomba linapotoboa ubao, na mpira hupandishwa juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka mfukoni, ukiwa na tundu la hewa kileleni ili maji yasiendelee kujivuta yenyewe. Na pua ya boti iliyojazwa mbele kupita kiasi huingia ndani ya wimbi la boti yenyewe, linalofika kwa nyuma dereva anapopunguza mwendo kwa ghafla na kugeuza. Boti mpya, ya bei kubwa, katika siku ya jua, inajaa maji kwa sekunde chache.

Sasa turudi kwenye ile namba ya nane. Tangi lililojaa hadi juu ni kama jiwe: maji yake hayana pa kwenda. Tangi lililojaa nusu ni kitu kingine. Boti ikiinama, maji yanakimbilia upande ulioinama na kuongeza uzito palepale usipotakiwa, na madhara yake nayo yanakua kwa upana wa tangi uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua boti ya tani 10 yenye tangi la urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, maji yakiwa nusu. Ni sawa na kukipandisha kitovu cha uzito kwa sentimita 27, na kwa boti ya ukubwa huo hiyo yaweza kuwa akiba yake yote. Kina cha maji hakibadilishi sana jambo hilo; hata maji ya vifundoni yaliyotapakaa ngamani yanatenda vivyo hivyo. Weka ukuta mmoja wa katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na zile sentimita 27 zinashuka hadi karibu 7. Ubao mmoja na misumari. Sijui marekebisho mengine ya boti yenye faida kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Na mawe? Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya jiwe zito la lava, lisilo na vitundu, hukaribia kilo 2.8. Lakini mawe yakiwa ndani ya gunia yanaacha mapengo, na kwa kawaida ni kama asilimia 60 tu ya gunia ndiyo jiwe lenyewe. Gunia la lita 100 la mawe mazito litakuwa na kilo 168 hivi. Gunia lilelile likijazwa mawe ya vitundu, ambayo lita yake ni kilo 1.5, litakuwa na kilo 90, pungufu kuliko lingekuwa na maji matupu, na litachukua nafasi ileile. Kulijua jiwe si vigumu: lipime kwenye mizani, kisha lizamishe kwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni na upime maji yaliyomwagika. Kilo zigawanywe kwa lita. Chini ya 2, liache kwa mafundi wa kuta.

Jiwe zito lina ubaya wake pia. Boti ya mbao iliyojaa maji kwa bahati mbaya mara nyingi hubaki inaelea, ubao ukiibeba, na watu wanaweza kuishikilia. Farumi ya maji haiongezi uzito wowote wakati huo, kwa sababu maji ndani ya maji hayavuti chini. Mawe yanavuta. Katika ziwa lenye kina kinachokaribia mita 485, boti yenye tani mbili za mawe ikijaa haiachi kitu cha kushika. Kwa boti ndogo ya mbao inayobeba abiria, ningechagua maji: mabidoni yaliyojazwa hadi kizibo, yaliyopangwa juu ya mataruma pande zote mbili za mkuku na kufungwa kwa mbao za kukaza, yasiweze kuteleza hata boti ikilala. Hayahitaji pampu, na siku ya shehena nzito yanatolewa moja moja.

Baada ya kufunga farumi, boti inapimwa ikiwa bandarini, kamba zimelegezwa, pasipo abiria. Watu wanne wanasimama ubavuni, wanainamisha kidogo na kuachia, na mmoja anahesabu sekunde kutoka kuinama hadi kurudi upande uleule. Boti inayorudi haraka, hata kama inakera tumbo, ina nguvu ya kusimama. Ile inayolala taratibu, ikatulia kidogo pembeni kana kwamba inafikiri, ndipo irudi, ndiyo abiria wanayoisifu kwa upole wake. Hiyo ipunguzwe shehena ya juu kabla ya kitu kingine chochote, kisha ipimwe tena ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri, magunia yakiwa mahali pake na bidoni la mwisho limefungwa.