Inzi wa Njiwa na Damu ya Makinda

Wengi wetu tunafuga njiwa nyumbani. Makinda yao ni kitoweo cha mgonjwa na cha mgeni. Kwa hiyo huzuni huingia makinda wanapokufa viotani mmoja baada ya mmoja, hali wazazi wao ni wazima. Hapo husemwa ya kwamba jirani ana jicho baya, na watu waliokuwa wakipeana moto sasa hawaamkiani tena. Sisi twapenda kuwaonyesha mshtakiwa mwingine, naye yumo humo humo kiotani.

Mshikeni njiwa, mkamfunue manyoya. Pengine mtaona inzi wa rangi ya kahawia, mwili wake bapa, akikimbia upesi kujificha. Huyu hunywa damu. Tena huchukua vijidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa darubini, ambavyo ni jamaa ya vijidudu vya malaria. Mwaka 1906, katika nchi ya Algeria, ndugu wawili, Edmond na Étienne Sergent, walithibitisha ya kuwa inzi huyu ndiye avipitishaye kutoka njiwa mmoja hata mwingine.

Hunyonya damu ya njiwa aliye navyo, navyo hukua tumboni mwake siku kadhaa. Kisha humwuma kinda, ambaye ngozi yake haijafunikwa vema na manyoya. Vijidudu huongezeka kwanza mapafuni, halafu huingia katika chembe nyekundu za damu. Njiwa mkubwa mara nyingi haonyeshi dalili yo yote. Lakini kinda, vikiwa vingi mwilini mwake, hupungukiwa na damu, hulegea, hukataa chakula, hata pengine hufa. Basi yule dume mnene aliyenunuliwa sokoni huenda ndiye aliyeuleta ugonjwa.

Je, tufanyeje? Inzi huyu hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, naye hugeuka upesi kuwa kifuko cheusi kama mbegu ndogo, kilalacho katika uchafu wa kiota. Toka hapo hata inzi mpya kutokea hupita kadiri ya majuma matatu au manne. Kwa hiyo afagiaye kila baada ya siku 15 humtangulia. Watieni makinda kikapuni, ondoeni majani yote ya zamani, safisheni nyufa, mkateketeze takataka kwa moto. Kisha wekeni majani mapya, mwarudishe. Na njiwa mgeni akae peke yake kwanza, mpaka atolewe inzi wote.

Si kila kinda afaye ameuawa na inzi, kwa maana njiwa wana maradhi mengine pia. Wala watoto wasiogope kuwashika, kwani vijidudu hivi havimdhuru mtu. Walakini kabla ya kumshtaki jirani, funueni manyoya kwanza, mkakitazame kiota.