Jua la mgongoni na skrini ya gari

Mwezi uliopita, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa narudisha gari nyuma mbele ya nyumba yangu hapa Buruburu. Skrini ya dashibodi, ile ya redio ambayo pia huonyesha picha ya kamera ya nyuma, ilikuwa nyeupe pe. Niliona kwa mbali mistari ya manjano na nyekundu, nikajiambia pako wazi, maana kila siku huwa pako wazi. Mara nikasikia mtu anapiga boneti kwa viganja viwili. Nikakanyaga breki. Alikuwa ni mama jirani, mtu mzima ambaye ameniita shehe tangu nihamie hapa, na mikono ilikuwa inamtetemeka. Nyuma ya gari, hatua moja na nusu kutoka kwenye bampa, mjukuu wake alikuwa amechutama anafunga kamba za kiatu.

"Shehe, kwani ulikuwa humuoni?"

Sikumuona. Na kwa kuwa gari lina kamera, sikugeuza shingo. Kosa hilo ni langu, sitamtupia fundi wala jua. Lakini baada ya kumwomba mama radhi, na kumwomba tena jioni, nilitaka kujua kwa nini skrini ambayo adhuhuri haina shida yoyote, asubuhi inageuka sahani ya bati.

Jibu la kwanza liko kwenye ramani. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu Eastlands: Pumwani, Eastleigh, Umoja, Donholm, Kayole. Sisi wa huku asubuhi tunaelekea mjini, yaani magharibi, na jua linachomoza mgongoni. Jioni tunarudi mashariki kwa Barabara ya Jogoo, na jua linatua mgongoni vilevile. Watu wa Kangemi na Uthiru ndio wanaotiwa kiwi cha macho kwenda na kurudi. Sisi macho yetu yamesalimika, ila jua linapita kioo cha nyuma, linaruka viti, linatua moja kwa moja kwenye skrini. Na Mombasa ni hivyo hivyo: anayelala Nyali na kufanya kazi kisiwani yuko kundi letu, anayetoka Changamwe asubuhi yuko kundi la Kangemi. Dawa zao si moja, na ushauri mwingi unaotolewa barabarani ni wa wale wenye jua la mbele. Kikinga jua cha juu ya usukani, kwa mfano, sisi hakitufai kitu.

Saa nazo zina maana. Nairobi iko nyuzi 1 na ushei tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa moja na nusu liko kwenye kimo hasa cha kupenya kioo cha nyuma. Kufikia saa tatu paa la gari limeshalizuia. Jioni mambo yanaanza tena kama saa kumi na moja, wakati sote tumekwama kwenye msongamano.

Fundi mmoja wa redio za magari kule Kirinyaga Road ndiye aliyenifundisha kipimo ambacho sasa namwambia kila mtu. Gari likiwa limesimama kwenye jua lile lile linalokusumbua, zima skrini kabisa. Kaa kwenye kiti chako kama unaendesha, kisha itazame skrini nyeusi kama kioo cha kujitazamia. Chochote cheupe au king'avu utakachokiona humo ndicho adui yako. Nilidhani nitajiona mwenyewe. La! Magari yetu usukani uko kulia na skrini iko katikati, na mwanga hurudi kwa pembe ile ile ulioingilia. Kwa hivyo nilichokiona ni kiti cha abiria wa kushoto, na nyuma yake kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto. Kumbe nilikuwa nimenunua pazia la wavu nikalibandika kulia!

Basi hamisha pazia. Weka wavu mweusi kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, na mwingine kwenye kioo cha nyuma ikiwa hauzuii kuona kupitia kioo cha ndani. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, kwa hivyo sisi tunaoelekea mjini linatujia nyuma kushoto, upande mbaya. Mwezi wa Juni, jioni ndiyo yenye taabu hiyo.

Nguo za abiria nazo zina hesabu yake. Kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokipiga. Ni kidogo, utasema. Lakini kitambaa cheupe kwenye jua la wazi hutoa mwanga unaopita niti 20,000 (niti ndicho kipimo cha mng'aro wa skrini). Asilimia 4 yake ni niti 800, na redio nyingi za bei nafuu tulizofungiwa huwa na niti 500 hivi au chini yake. Yaani kivuli cha kanzu kinaishinda skrini yenyewe. Ukiongeza mwanga mpaka mwisho bado hujafika.

Na mimi hata sikuwa nimefika mwisho, kwa sababu ambayo fundi aliicheka sana.

"Mzee, mbona taa ndogo umewasha?"

Redio hizi zina waya mmoja unaoungwa kwenye taa za gari. Taa zikiwaka, hata zile ndogo, redio inadhani usiku umeingia, inapunguza mwanga wake ili isikuumize macho. Mpango mzuri kabisa. Sasa mimi hutoka alfajiri kwenda msikitini, nawasha taa, narudi, nazima gari. Taa huzimika zenyewe nikifungua mlango, lakini swichi imebaki pale pale. Saa moja nikiwasha gari, taa nazo zinawaka, nami kwenye mwanga ule wa jua sizioni. Skrini iko usiku, dunia iko mchana. Zima taa na picha itarudi mara moja. Ukipenda kuendesha na taa mchana, ingia kwenye mipangilio ya redio, sehemu ya mwanga, uongeze kiwango cha usiku. Magari mengi ya Toyota yana kidude cha kuzungusha cha mwanga wa dashibodi. Kikizungushwa hadi mwisho kabisa, kule kufifia kunafutwa. Hakuna haja ya kukata waya.

Usafi sitauzungumzia sana, ila alama za vidole zenye mafuta ya mahamri hutawanya mwanga kama ukungu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia huondoa ule utando wa kiwandani unaopunguza mng'aro, na kijana wa kuosha magari hawezi kujua hilo usipomwambia. Mwambie pia asikupake ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Gari linapendeza, kisha dashibodi nzima inageuka kioo.

Vitu vinavyouzwa je? Kofia ya skrini, ile ya plastiki au velveti inayochomoza juu kama ukingo wa baraza, hufanya kazi jua likiwa juu. Jua la mgongoni linapita chini yake bila hata kupiga hodi. Niliinunua, iko kwenye buti. Protekta isiyong'aa ni bora kidogo: inautawanya mwanga, kanzu haionekani tena kama kanzu, lakini jua likiipiga yenyewe moja kwa moja picha nzima inafifia. Ile iliyotengenezwa kuzuia mwanga usirudi, si kuutawanya, ni nzuri kuliko zote, na bei yake inalingana.

Miwani ya jua ya polaroidi jihadhari nayo. Skrini za aina hii zina utando unaoruhusu mwanga wa mlalo mmoja tu kupita, na miwani ina utando wake. Tando mbili zikipishana, skrini inakuwa giza totoro na utasema imeharibika. Kabla hujalipa, simama mbele ya gari lako umeivaa, uinamishe kichwa kulia na kushoto. Picha ikizimika ukiwa wima, rudisha miwani.

Wenye teksi za programu wanaotumia simu kwenye kishikio wana tatizo lao: simu ikipata joto hujipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue. Kampuni ya Apple husema simu zake ni za kutumiwa kwenye joto lisilozidi sentigredi 35, na nyuma ya kioo cha gari lililosimama juani joto linapita hapo haraka. Ishushe simu karibu na tundu la hewa baridi, nayo itajirudia.

Nimebakisha lililo kubwa, maana yote hayo nimeyafanya na bado yasingemwokoa mtoto yule. Gari langu lilikuwa limelala kichwa magharibi, mkia mashariki. Nikirudi nyuma asubuhi, kamera yenyewe inalitazama jua uso kwa uso. Lenzi imetiwa kiwi kama jicho la mtu, na picha inayofika kwenye skrini imeshaungua. Hakuna protekta wala wavu wa kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona. Mitaa yetu hii, nyumba zimeshikana na watoto wanapita kati ya magari kwenda shule, saa hiyo hiyo moja.

Kwa hivyo siku hizi naingia kinyumenyume jioni. Watoto wako ndani au wako mbele ya macho yangu, natumia vioo vitatu na shingo, na asubuhi natoka kichwa mbele. Inanichukua dakika mbili zaidi, na jirani wa nyumba ya pili amepiga honi mara kadhaa akidhani sijui kuegesha. Mama hajapiga tena boneti. Mjukuu wake akiniona nashika usukani hukimbilia barazani na kusimama pale kama askari wa trafiki mpaka nitoke.

Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyekasirika. Ijumaa akivaa kanzu yake nyeupe simruhusu kukaa mbele kushoto. Anakaa nyuma yangu, kulia, ambako skrini haimfikii, na njia nzima ananung'unika kwamba baba yake amemfanya abiria wa teksi.