Kumsahihisha Mtu kwa Kiingereza Bila Kumvunjia Heshima

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nina kisa cha mlima mmoja na ubishi mkubwa uliouzunguka. Kisa kikiisha nitawafundisha jambo litakalowafaa siku mtakapokaa na mtu anayezungumza Kiingereza, naye akasema neno ambalo mnajua si kweli.

Mwezi Mei mwaka 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea nchi ya Wachaga. Kiongozi wake wa njia aliitwa Bwana Kheri. Asubuhi moja Rebmann akauona mlima mkubwa, na kileleni kwake weupe unaong'aa. Akauliza ni nini kile. Bwana Kheri akamjibu kwamba ile ni baridi. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ambayo kila mwaka huwa na majira ya theluji, kwa hiyo akatambua mara moja anachokitazama. Mlima ule ulikuwa Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mwenzake, Johann Ludwig Krapf, akaona theluji juu ya Mlima Kenya pia.

Habari zikafika London. Huko aliishi mwanajiografia William Desborough Cooley, mtu aliyesoma sana habari za Afrika lakini hakuwahi kukanyaga udongo wake. Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Akaandika kwa ukali na dharau, akamfanya Rebmann aonekane kama mtu aliyeona ndoto mchana. Miaka ikapita. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken akapanda mlima ule hadi zaidi ya mita 4,000, akarudi na ushahidi kwamba theluji ipo. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa medali ya dhahabu. Hata hapo Cooley aliendelea kubisha.

Cooley alikosea mara mbili. Kwanza alikosea kuhusu mlima. Pili, alibisha kwa namna iliyomfungia mlango yeye mwenyewe. Mtu akishasema mbele ya watu kwamba mwenzake ni mjinga, atarudi vipi kusema, "Kumbe ulikuwa sahihi"? Shikeni hili, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo: unapomsahihisha mtu, mwachie mlango wa kutokea bila aibu. Mlango huohuo utakufaa wewe siku utakapogundua kwamba aliyekosea ni wewe.

Haya, tuje kwenye maisha ya leo. Tuseme umo ndani ya treni Uingereza, umeketi karibu na mama mmoja mzee, mcheshi. Anakuuliza unatoka wapi, mnazungumza habari za milima, kisha anasema: "Kilimanjaro! Lovely. That's in Kenya, isn't it?" Wewe unajua vizuri kwamba Kilimanjaro, wenye mita 5,895, uko Tanzania. Utamjibu nini?

Wengi wetu neno la kwanza linalotujia ni "No, you are wrong." Maneno hayo ni sahihi kwa sarufi, lakini sikioni mwa yule mama yanagonga kama kofi. Linganisheni na tunavyofanya nyumbani. Kwa Kiswahili, kijana humwamkia mzee shikamoo, humwita bibi, babu, mama au mwalimu, huanza na "samahani". Heshima imeshatangulia, ndipo asema: "Hapana bibi, mlima huo uko Tanzania." Hakuna atakayemwona mtovu wa adabu. Kiingereza hakina shikamoo, wala huwezi kumwita mzee usiyemjua "grandmother". Heshima yote unayotaka kumpa lazima uiweke ndani ya sentensi yenyewe: katika namna unavyoianza, unavyoizungusha na unavyoimaliza.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Sisi tukiwa na marafiki hupigiana kelele, "Acha uongo wewe!" au "Unadanganya!" na wote tukacheka. Usiyachukue maneno hayo ukayaingiza katika Kiingereza na watu usiowazoea. "You are lying" ni shutuma nzito. Maana yake ni kwamba huyo mtu anaujua ukweli na ameuficha kwa makusudi. Bungeni Uingereza, mbunge haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Mwezi Julai mwaka 2021 mbunge Dawn Butler alisema ndani ya ukumbi kwamba Waziri Mkuu amedanganya. Alipokataa kufuta kauli yake, akaamriwa kutoka nje. Yule mama wa kwenye treni hajadanganya. Amekosea tu, na kukosea si dhambi.

Sasa tazama alichokufanyia. Amemalizia na "isn't it?" Maneno hayo mawili ni mlango alioufungua mwenyewe. Ni kama amesema, "Sina hakika sana, nisahihishe." Ingia kwa upole: "Oh, is it? I thought it was in Tanzania." Ukisema "I thought", unasema wewe ulidhani hivyo. Hujamwambia amekosea, bali umeweka ukweli mezani na kumwachia auchukue. Mara nyingi atasema mwenyewe, "Oh yes, of course, Tanzania!" Amejisahihisha, na uso wake bado una nuru.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa Marekani, Emanuel Schegloff, Gail Jefferson na Harvey Sacks, walichapisha utafiti waliofanya kwa kusikiliza mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza yaliyorekodiwa. Waliona kwamba mtu akikosea, wasikilizaji kwa kawaida humwachia nafasi ajisahihishe kabla wao hawajamsahihisha. Mwaka 1984 mtafiti mwingine, Anita Pomerantz, alionyesha kwamba watu wakikubaliana hujibu upesi, tena waziwazi. Wakipinga hukawia. Hutanguliza kimya kidogo, au neno dogo kama "well", au hata kipande cha kukubali, ndipo pingamizi lije nyuma yake. Kwa hiyo ukimsikia Mwingereza anavuta "We-e-ell..." tega sikio. Kabla hajamaliza sentensi umeshajua kwamba hakubaliani nawe.

Na wewe unaweza kufanya hivyohivyo. Tafuta kwanza kipande cha kweli katika kosa la mwenzako, kwa sababu makosa mengi yana chanzo chenye maana. Kwa nini watu wengi duniani hufikiri Kilimanjaro uko Kenya? Wameona picha za tembo wakitembea na mlima ule nyuma yao, na nyingi kati ya picha hizo zimepigwa Amboseli, ambayo ni hifadhi ya Kenya. Basi mwambie: "Well, you can certainly see it from Kenya, but the mountain itself is in Tanzania." Hapo umemweleza kosa lilikotoka, naye haonekani mjinga. Ameondoka na elimu mbili, habari za mlima na habari za picha. Ukitaka kumpa zawadi ya tatu, ongeza: "It's an easy mistake to make." Maana yake ni kwamba yeyote angeweza kukosea hapo.

Sasa sikilizeni mambo madogo ambayo vitabu vingi vya shule huyapita.

La kwanza ni neno "actually". Wanafunzi wengi hulipenda, nalo ni zuri, ila linategemea umeliweka wapi. Ukilitanguliza kwa mkazo, "Actually, it's in Tanzania," unaweza kusikika kama mwalimu anayemkosoa mwanafunzi mbele ya darasa. Ukiliweka mwishoni kwa sauti ya chini, "It's in Tanzania, actually," ukali wake hupungua. Jihadharini pia na "I think you'll find that..." Kwa juu inaonekana ya upole, lakini Waingereza wengi huisikia kama majivuno. Na "with respect", ingawa inataja heshima, kwa kawaida hutangulia upinzani mkali.

La pili ni mahali pa kukanusha. Kwa Kiingereza ni laini zaidi kusema "I don't think it's in Kenya" kuliko "I think it is not in Kenya." Ukanushaji unapanda mwanzoni, unashikamana na kufikiri kwako, badala ya kuligonga jambo lenyewe. Hili halipaswi kutuwia gumu, kwa maana sisi nasi tunalo "sidhani", na kila mwenye masikio anajua kwamba "sidhani kama ni hivyo" ni laini kuliko "nadhani sivyo".

La tatu ndilo linalowakwaza Waswahili wengi, nalo ni "yes" na "no". Kwetu mtu akiuliza, "Hujala?" nawe hujala, unajibu, "Ndiyo, sijala." Unakubaliana na maneno yake. Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't," kwa sababu "no" hufuata hali halisi, haifuati maneno ya muulizaji. Sasa tuseme mtu anakuambia, "There's no snow in Kenya," nawe unajua kilele cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199, kina theluji. Ukianza na "No", hatajua kama unakubali au unakataa. Sema, "Oh, but there is!" na mkazo uuweke kwenye "is". Akisema, "It doesn't snow in Africa," mjibu, "It does, in some places." Neno hilo fupi "does" likisemwa kwa mkazo hubeba pingamizi lote, bila kuhitaji neno lolote kali.

Zamani Kiingereza kilikuwa na maneno manne kwa kazi hii. "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida. "Yes" na "no" yalijibu swali lenye ukanushi ndani yake, na "yes" ndilo lililotumika kumpinga mtu aliyekanusha jambo la kweli. Mwaka 1532 Thomas More alimkosoa William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuyachanganya maneno hayo. Baadaye "yea" na "nay" yakafifia katika usemi wa kila siku, "yes" na "no" yakajibu maswali yote, na kazi ya kupinga ikabaki kwa mkazo na vijineno kama "is", "does" na "have". Ndiyo maana kwa Kiingereza sauti yako ina kazi kubwa kama maneno yako.

Lakini msidhani kwamba adabu ni kuzungushazungusha siku zote. Yako mambo yasiyongoja. Rafiki yako akisema chakula hakina karanga, na wewe unajua kina karanga, na aliye mezani hudhurika akizila, usianze na "Oh, I thought..." Sema mara moja: "No, stop! It has peanuts in it." Vivyo hivyo kwa dawa, umeme na barabara. Uhai wa mtu unatangulia uso wake.

Na mtu akisema uongo unaodhalilisha watu wengine, upole usigeuke kuwa kukubali. Akisema Waafrika wote ni wa namna moja na wanasema lugha moja, mtazame, sema kwa utulivu: "I'm sorry, but that isn't true." Kisha mpe ukweli. Mwambie Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 100. Huna haja ya kupaza sauti. Ulaini uwe katika namna unavyosema. Ukweli wenyewe usiukate hata kidogo ili umfurahishe mtu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa hiyo kabla ya yote jiulize: mimi nina hakika? Cooley alikuwa na hakika bila kuwahi kuuona mlima. Kama huna hakika, uliza, "Really? Where did you hear that?" kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Huenda mwenzako ameona usichokiona. Na akikuonyesha kwamba wewe ndiye uliyekosea, usibishe kwa ajili ya kushinda. Sema, "You're right, my mistake," na mazungumzo yaendelee.

Basi nawapa zoezi la wiki hii. Kaeni wawiliwawili. Mmoja aseme kwa Kiingereza jambo lisilo la kweli: kwamba mji mkuu wa Australia ni Sydney, kwamba popo ni vipofu, kwamba mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam. Mwingine amsahihishe kwa njia tatu: kwanza kwa "I thought", pili kwa kutaja kipande cha kweli kilicho ndani ya kosa, tatu kwa "It's Canberra, actually" au "It's Dodoma, actually." Kisha badilishaneni, na yule aliyesahihishwa aseme ni jibu lipi lilimfanya atake kuendelea kuzungumza. Hilo ndilo mlishike.