Biblia Inapofika kwenye Mgao wa Shamba

Ni vigumu kupata ukoo wa Meru au Embu ambao Biblia haijabisha hodi. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamisionari Wakatoliki wa Konsolata wakafika Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakafuata huko Kaaga, na mwaka 1922 Daktari Clive Irvine wa Kanisa la Scotland akaanza kazi Chogoria. Leo mstari wa Biblia huandikwa kwenye matatu, hufungua kikao cha chama na hufunga mazishi. Lakini kitabu kusomwa kila mahali si sawa na kuaminiwa. Mtu huonyesha kwamba anaamini neno pale anapolitii hata kama linamgharimu, na katika nchi ya majani chai, kahawa, miraa na muguka hakuna gharama inayouma kama ardhi. Ndiyo maana swali la urithi wa binti ni kipimo kizuri cha imani yetu kuliko wingi wa ibada.

Upande wa serikali, jambo hili limekwisha kuamuliwa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mila zinazowabagua wanawake katika masuala ya ardhi ziondolewe. Hata hivyo, wazee wakikaa kugawa shamba la marehemu, binti aliyeolewa huambiwa kwamba kwao ni kwa mumewe, na Nabothi huitwa kuwa shahidi: yeye alikataa kumwachia mfalme urithi wa baba zake, kwa hiyo ardhi isitoke kwenye ukoo. Hoja hii inavutia mpaka mtu asome sura yote. Katika 1 Wafalme 21, anayekataliwa ni mfalme Ahabu, mtu mwenye nguvu anayetamani shamba la jirani. Mkewe Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga muhuri wake, wazee wa mji wanazitii, mashahidi wa uongo wanasimama, na mwenye haki anapoteza shamba na uhai. Ukiuliza ni nani leo anayenyang'anywa kwa barua na kwa ukimya wa wazee, jibu linaweza kuwa binti ambaye jina lake limeachwa nje ya barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Andiko lililoletwa kumfungia mlango linageuka kuwa wakili wake.

Andiko linalogusa suala lenyewe liko Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na viongozi wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume. Musa hakuwafukuza wala hakuwajibu kwa mila, bali alilipeleka shauri kwa Mungu, na hukumu ikawa kwamba wanasema haki. Mpinzani atasema, na atakuwa sahihi, kwamba hukumu hiyo iliwahusu mabinti wasio na kaka, na kwamba sura ya 36 iliwataka waolewe ndani ya kabila lao. Ni kweli, na anayeiheshimu Biblia hapaswi kuificha sura hiyo. Lakini Biblia haikomi hapo. Kitabu cha Ayubu kinamalizika kwa baba anayewapa binti zake urithi pamoja na kaka zao, wala hakuna aliyemlazimisha. Katika barua kwa Wagalatia, Paulo anafika mahali ambapo ndani ya Kristo tofauti ya mwanamume na mwanamke haiamui tena nani ni mrithi. Wengine husema huo ni urithi wa kiroho tu. Basi na waeleze kwa nini watu wanaokiri kwamba mbele za Mungu binti ni mrithi kamili wamhesabu mgeni mbele ya msajili wa ardhi.

Usomaji wa namna hii si jambo geni katika eneo hili. David Gitari, aliyekuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya kabla ya kuwa askofu mwaka 1975, aliongoza Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki iliyojumuisha Embu na Meru. Alikuwa akichukua kisa kizima, akieleza mambo yalivyokuwa zamani zile, kisha akiuliza kinasema nini kwa Kenya ya siku yake. Mahubiri yake ya Juni 1987 huko Nyeri, kutoka Danieli 6, yaliwakasirisha wanasiasa kwa kuwa yalionya juu ya sheria zinazobadilishwa kwa haraka. Kisa cha Nabothi alikihubiri dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Aprili 1989 watu wenye silaha walivamia nyumba yake usiku, akanusurika. Waliomwambia aachane na siasa hawakuona kwamba siasa alizikuta tayari ndani ya andiko. Ila wengi waliompigia makofi alipomkemea mfalme hawakuliruhusu andiko hilohilo liingie bomani kwao, na kumkemea Ahabu aliye mbali ni rahisi kuliko kumgawia dada ekari moja.

Wapo wanaohofu kwamba kanisa likiingilia mila litavunja jamii, na historia inawapa sababu. Mwaka 1929 na 1930, misheni ya Chogoria ilipowataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana, wengi waliondoka kanisani. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilipoipiga marufuku tohara hiyo, wasichana wa Meru walijitahiri wenyewe kwa ukaidi, wakaitwa Ngaitana. Waliotaka ikomeshwe walikuwa na sababu nzito, kwa maana tohara hiyo huumiza mwili. Lakini amri isiyojengwa juu ya kuelewa haidumu. Funzo lake ni kwamba wazee, akina mama, vijana na mabinti wenyewe waketi na kulisoma andiko pamoja kabla ya msiba, wakati hakuna anayegombea kitu.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: je, hatuilazimishi Biblia iitikie Katiba? Kila msomaji huja na matakwa yake, na anayetetea mabinti naye anaweza kuchagua mistari inayompendeza. Hakuna dawa kamili ya hilo, ila ipo tahadhari: kusoma sura nzima, kuyakubali yanayotupinga kama Hesabu 36, na kuishuku zaidi tafsiri inayomfaidi anayeitoa. Kaka anayegundua kwamba kila mstari anaoujua unamwachia shamba lote ana sababu ya kusoma upya. Atakapokwenda kwa chifu kuandikisha warithi wa baba yake, karatasi ile itakuwa na nafasi ya majina ya watoto wote, na kuyaandika yote hakuhitaji ufunuo mpya.