Laptopu Huchakaa Kiungo kwa Kiungo

Laptopu nyingi zinazouzwa Lubumbashi zimekwisha kutumika kwingine. Zilikaa miaka mitatu au minne katika ofisi za Ulaya au Marekani, kampuni zikazibadilisha zote kwa pamoja, wafanyabiashara wakazinunua kwa jumla, na sasa zimefutwa vumbi na kupangwa mezani: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliyejinyima muda mrefu ili apate moja huuliza kwanza ina miaka mingapi. Ana haki ya kuuliza, ila jibu halitamfikisha mbali, kwa kuwa viungo vya laptopu havizeeki kwa mwendo mmoja. Fundi anayejua kipi hutangulia na kipi hudumu anaweza kuirefushia maisha kwa miaka mingi.

Kinachotangulia ni betri, na ndani ya betri hiyo mara nyingi mna madini ya Katanga, eneo la Lubumbashi yenyewe. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kutunza umeme mwingi katika nafasi ndogo. Sony ikaingiza sokoni betri za aina hiyo mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Asilimia 60 hivi ya uzito wa oksidi hiyo ni kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika Haut-Katanga na jirani yake Lualaba. Mgodi wa Ruashi uko ukingoni kabisa mwa Lubumbashi. Malori hupitisha kobalti Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuelekea bandarini, na sehemu kubwa husafishwa China. Baada ya miaka, madini yaliyotoka Katanga hurudi Katanga ndani ya betri iliyochoka.

Hiyo betri huchokaje? Kila inapochajiwa na kutumika, ioni za lithiamu huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Katika safari hizo baadhi hunaswa njiani, na utando mwembamba huzidi kunenepa juu ya ncha hasi. Betri nyingi za laptopu hutengenezwa kuhimili mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Apple huhesabu mizunguko 1,000 kwa MacBook zake za miaka ya karibuni. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika kwa jumla: anayetumia nusu leo na nusu kesho amemaliza mmoja.

Hata betri isiyotumika huzeeka, na adui zake wawili ni joto na kukaa imejaa pomoni. Betri iliyojaa ikiwekwa mwaka mzima katika nyuzijoto 25 hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Katika nyuzi 40 hubaki na 65 tu. Ikiwekwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzi zile 25, hubaki na asilimia 96.

Hapo ndipo mkazi wa Lubumbashi anapobanwa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika kila siku, betri humaliza mizunguko yake haraka. Akiiacha chomekoni saa zote kwa hofu ya giza, inakaa imejaa na yenye joto. Laptopu nyingi za ofisi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na anayefanya kazi penye umeme wa uhakika autumie. Lakini mtu asiyejua umeme utarudi lini anahitaji ile asilimia 20 ya juu leo hii, na kumnyima si haki. Kwake ni afadhali aihesabu betri kama tairi la gari, kitu cha kununuliwa tena, na aanze mapema kuiwekea akiba. Ikivimba, iondolewe mara moja, wala isitobolewe, maana inaweza kulipuka moto.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuipima papo hapo mbele ya muuzaji. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na uwezo inaoufikia sasa ikijaa. Ya pili ikiwa nusu ya kwanza, bei ishuke.

Betri iliyokufa huua vingine. Diski ngumu ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na haipendi kutikiswa wala kukatiwa umeme ghafla ikiandika. Laptopu isiyo na betri hukatiwa kila umeme unapokwenda. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotunza data kwenye maelfu ya diski, iliripoti mwaka 2013 kwamba takriban asilimia 80 ya diski zake zilikuwa bado hai baada ya miaka minne. Yaani moja katika tano ilikuwa imekufa. Diski za SSD hazina kinachozunguka. Ya gigabaiti 250 huweza kudhaminiwa kuandikiwa terabaiti 150: kwa gigabaiti 20 kila siku, ni miaka 20. Kwa laptopu ya zamani hakuna badiliko lenye faida kubwa kuliko kuiwekea SSD.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi karibu haipati mvua, na vumbi huingia kwenye feni na kuziba mapezi ya kupozea. Pasta inayounganisha kichakataji na chuma cha kupozea nayo hukauka. Kichakataji kikipata joto hujipunguzia kasi ili kisiungue, na mwenye laptopu hudhani imezeeka, kumbe inahitaji kusafishwa na kupakwa pasta mpya. Si mashine za bei nafuu tu zinazoteswa na vumbi: chembe ndogo zilikwamisha kibodi za MacBook za kati ya 2015 na 2019, na mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja.

Bawaba na tundu la chaja huharibiwa na mikono: skrini kufunguliwa kwa kona moja, waya kuvutwa. Kichakataji chenyewe na kumbukumbu hufa mara chache. Kinachovizeesha ni programu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, au zaidi. Mashine za kabla ya hapo bado hufanya kazi vizuri na Linux.

Jambo linalostahili kupiganiwa ni uwezekano wa kutengeneza. Laptopu nyembamba zilizoenea tangu miaka ya 2010 mara nyingi zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao mama na betri iliyogandishwa kwa gundi, na fundi mwenye bisibisi anabaki ameduwaa. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya kubebeka ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe. Laptopu zitakazotengenezwa chini ya sheria hiyo zitachukua miaka kadhaa kufika mezani Lubumbashi. Hadi hapo, mnunuzi aigeuze laptopu, ahesabu skrubu za chini, na amuulize fundi betri imeshikwa na nini.