Nyumba Tupu na Nyumba Inukiayo Mkate

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa nyumba za kujisitiri na riziki ya kula ndani yake, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baada. Kila watu wana mambo wayapendayo wakati wa mapumziko. Huku Hirbadaw, katika wilaya ya Hanang, jua likishuka na baridi ikianza kuuma, watu hukusanyika penye moto, na mazungumzo hayachelewi kufika penye mambo mawili. Vijana hupenda habari za nyumba zilizohamwa: nyumba ile pana wenyewe, pale husikika vishindo usiku, na chumba kile cha kupanga hakuna amalizaye mwezi ndani yake. Akina mama na binti zao hupenda habari za mikate: nani mkate wake umeumuka, nani wake umelala kama tofali, na nani ameanza kuuza.

Msomaji aweza kudhani kuwa mambo haya hayana uhusiano. Sisi twaona yanakutana mahali pamoja, nako ni katika jinsi tunavyokaa ndani ya nyumba zetu. Na kwa kuwa katika miezi ya baridi pana jambo liwezalo kuwaua watu wakiwa wamelala, na dalili zake hudhaniwa kuwa ni za majini, tumeona si haki kunyamaza.

MAJINI WAKO, LAKINI UVUMI NI MWINGI ZAIDI

Hatusemi kuwa majini hawako. Muislamu huamini kuwako kwao, na sura nzima ya Qurani, nayo ni ya 72, yaitwa kwa jina lao. Ni viumbe kama sisi, wameamrishwa kumwabudu Mola wao kama tulivyoamrishwa, na miongoni mwao wamo wema na waovu. Lakini kuamini kuwa wako si kuamini kila lisemwalo juu yao. Sura hiyo hiyo yawalaumu wanadamu waliokuwa wakitaka ulinzi kwa majini, wakawa hawapati ila kuzidi kupotea. Basi mwenye kuchinja mbuzi kizingitini ili “wenyewe” waridhike ameomba ulinzi mahali pasipo ulinzi. Na mwenye kwenda kwa mpiga ramli kumwuliza habari za nyumba yake, na akumbuke onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba mtu huyo hatakubaliwa sala yake siku arubaini.

Na uvumi una hasara za hapa duniani pia. Nyumba ya urithi ikivumishiwa kuwa ina majini, wapangaji hutoka, bei hushuka, na mayatima wenye haki hubaki na kuta tupu. Mara nyingine aliyeeneza uvumi ndiye ajaye kuinunua kwa bei ya kutupa. Huo ni ulaji wa mali ya yatima, ingawa umevikwa kanzu ya hadithi.

Hasara yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1995 kisiwani Pemba, kisha Unguja, ulienea uvumi wa popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwavamia watu vitandani. Watu waliviacha vyumba vyao wakakesha nje, jamaa nzima wakiuzunguka moto. Katika hofu ile, mtu mmoja aliyetoka bara kutafuta matibabu ya akili aliuawa mjini Unguja na watu waliomdhania kuwa ndiye. Popobawa hakukamatwa na mtu yeyote. Lakini mgonjwa asiye na kosa aliuawa, na damu yake ni ya kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Huku kwetu nako tuna jeraha bichi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Matope, mawe na magogo yakashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki, na waliookoka wengi walihama; baadhi yao wakajengewa makazi mapya huko Warret. Msiba mkubwa kama ule haukosi kuzaa hadithi: kwamba mahali fulani husikika kilio, kwamba fulani ameonekana akitafuta mlango wake. Enyi vijana, jiepusheni na hadithi hizi. Roho za waliokufa ziko katika barzakh, wala hazitangitangi njiani. Mtume (s.a.w.) amewahesabu Waislamu wafao kwa kuzama na wafao kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Je, ni adabu kumgeuza shahidi kuwa kitisho cha kuwalaza watoto? Na mama yake akisikia, atalala vipi?

MAHAME NI MAHALI PA MAZINGATIO

Lakini hatuwakatazi vijana wasiyatazame magofu. Twataka wayatazame kwa adabu ya Kiislamu. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630, Mtume (s.a.w.) na majeshi yake walipokuwa wakielekea Tabuk, walipita al-Hijr, mahame ya watu wa Thamud. Aliwaamrisha masahaba wasiingie katika maskani zile ila hali ya kuwa wanalia, wasije wakapatwa na lililowapata wenyewe. Naye akaharakisha mwendo mpaka wakalivuka bonde lile. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuteka maji ya visima vya pale na kukandia unga. Akaamrisha maji yamwagwe, na kinyunga wapewe ngamia.

Tazameni mafundisho yaliyomo. Hawakupiga kambi pale wakapitisha usiku kwa hadithi. Walipita kwa unyenyekevu, wakijua ya kuwa waliokaa pale walihesabiwa kwa matendo yao. Na hata kinyunga kile, ambacho hakikuwafaa wao, hakikutupwa, kilimfaa mnyama. Mahame yalipewa mazingatio yake, na chakula kilipewa heshima yake.

Pwani yetu nayo ina mahame yake. Gedi, karibu na Watamu katika Kenya, ulikuwa mji wa Waislamu wenye msikiti mkuu, nyumba za mawe na visima. Ukahamwa katika karne ya 17, na msitu ukauficha. Kwa muda mrefu watu walipaogopa kuwa ni pa majini. Kuanzia mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman alipafukua, na vikapatikana vyombo vya China na shanga za biashara, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mwaka 2024 Gedi ukaandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Walioogopa walipata hofu. Waliochunguza walipata historia ya babu zetu.

Pamoja na hayo, jengo kuukuu laweza kuua bila ya jini yeyote. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Basi kijana aingiaye usiku katika nyumba mbovu kwa kushindana ujasiri na wenzake, ajue kuwa ukuta hauna mzaha.

NYUMBA ILIYOTISHA KWA HEWA YAKE

Sasa twafika penye jambo tulilolikusudia. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha katika jarida la udaktari habari za jamaa mmoja waliohamia nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Hawakukaa sana wakaanza kusikia nyayo za watu katika vyumba visivyo na mtu. Waliona sura za watu wasiowajua. Watoto walipauka na kukosa hamu ya chakula, wakubwa waliumwa vichwa, hata mimea ya ndani ilikufa. Hapana shaka kwamba, kwa hesabu zetu za penye moto, nyumba ile ilikuwa na wenyewe.

Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa tanuri la kupashia nyumba moto lilikuwa bovu, na hewa yake mbaya, badala ya kutoka kwa dohani, ilikuwa ikiingia vyumbani. Tanuri lilipotengenezwa, vishindo vilikoma na sura hazikuonekana tena.

Hewa hiyo yaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hutoka katika kila kitu kiwakacho pasipo hewa ya kutosha, na makaa ni katika vile viitoavyo kwa wingi. Mtu akiivuta, hushika damu yake mahali palipokuwa pa oksijeni, mwili ukakosa hewa ijapokuwa kifua chapanda na kushuka. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea; akili huvurugika, na mtu aweza kusikia na kuona visivyokuwapo. Akilala katika hali hiyo, huenda asiamke.

Sasa tujiulize: ni nyumba ngapi za huku kwetu ambazo, mwezi Juni na Julai, jiko la mkaa huingizwa chumbani, dirisha likafungwa, na matambara yakazibwa chini ya mlango? Makaa yakiisha kuwa mekundu moshi hukoma, na mtu hudhani hatari imekwisha. Kumbe ndipo ilipojificha. Asubuhi mmoja asema amekabwa na jinamizi, wa pili asema chumba ni kizito, wa tatu ashauri aitwe mganga. Mganga hulipwa, na jiko hubaki pale pale.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha zaidi ya miaka 1400 iliyopita kuwa tusiache moto unawaka majumbani mwetu tunapolala. Lau tungeshika agizo hilo moja tu, tungeokoa roho nyingi. Basi jiko la mkaa lisilale chumbani hata siku moja. Mwenye baridi na aongeze blanketi. Na mkimkuta mtu amelegea au amezimia katika chumba chenye jiko, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje upesi, kisha mpelekeni hospitali. Kisomo ni chema, nacho kisomwe njiani.

JIKO LILO MAHALI PAKE

Jiko lile lile liuwalo chumbani ni neema likiwa uani au katika jiko lenye dirisha wazi. Hanang ni nchi ya ngano. Tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa ya upande wa Basotu yalilimwa kwa msaada wa Kanada. Haifai basi watu wa nchi ya ngano wakaona mkate ni kitu cha dukani tu.

Kwa binti anayeanza, achukue unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko viwili vidogo, sukari kijiko kimoja kikubwa, chumvi kijiko kimoja kidogo, na mafuta vijiko viwili vikubwa. Achanganye kwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo. Hamira ni kitu hai: maji ya moto huiua, na ya baridi huilaza. Akande dakika kumi kamili, mpaka kinyunga kiwe laini na chenye kuvutika, maana mvuto huo ndio uishikao hewa ya hamira. Akifunike, akiweke mahali penye joto hata kiongezeke mara mbili. Pwani hutosha saa moja. Huku kwetu penye baridi asubiri hata saa mbili, wala asiharakishe.

Kisha akitie katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta, akiache kiumuke tena, na akioke kwa kupalia: makaa machache chini, na mengi zaidi juu ya mfuniko. Wengi huunguza mkate kwa kuzidisha moto wa chini. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo autoe, augonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva.

Mkate huo una manufaa kuliko shibe. Mjane aweza kusomesha kwao. Kijana wa kiume naye asione haya kukanda, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Na jirani asisahauliwe. Mtume (s.a.w.) aliagiza kuzidisha maji ya mchuzi ili jirani apate; wala haki ya jirani haiishii kwa Muislamu. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinja mbuzi, aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Na huku kwetu majirani zetu ni Wairaqw na Wadatoga, na wengi wao hawako katika dini yetu. Kipande cha mkate wa moto kitawaeleza Uislamu kabla hatujafungua kinywa.

Twamalizia kwa fundisho lililokusanya nyumba na chakula pamoja. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mtu akimtaja Mwenyezi Mungu aingiapo nyumbani mwake, na akamtaja alapo, shetani huwaambia wenziwe kuwa hapo hapana malazi wala chakula cha usiku. Akiacha kumtaja, shetani hupata vyote viwili. Na katika mafundisho yake mengine, nyumba isomwayo Suratul Baqara shetani huikimbia. Hakuna hirizi iliyotajwa, wala mbuzi wa kizingitini.

Basi, enyi wazazi, fungueni madirisha, toeni jiko chumbani, semeni Bismillahi mlangoni na mezani, na wapeni watoto wenu hadithi za kweli. Nyumba isomwayo Qurani na inukiayo mkate haina nafasi ya mgeni asiyealikwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika msiba wa Hanang, awape subira jamaa zao, na azijaze nyumba zetu amani na riziki ya halali. Amin.